Feni ya rejeta na tabia ya kuunga "dairekti"

Gari likitoka Antwerp vizuri kabisa kwenye barabara kuu, kisha likaanza kuchemsha kwenye foleni ya Gare du Midi, mshukiwa wa kwanza ni feni. Likienda kilomita 90 kwa saa, upepo wa mwendo unatosha kupoza maji ya rejeta. Likisimama, upepo huo haupo tena, kazi yote inaachiwa feni. Kwa hiyo kabla ya kuisingizia injini, au kumnunia aliyekuuzia gari, fungua boneti utazame: feni inazunguka, au imetulia tu kama mgeni wa harusi aliyekaribishwa kwa kosa?

Nyuma ya kituo, upande wa Rue de France, wakati wa kiangazi utayaona magari yamejipanga injini zikiunguruma, watu wanasubiri ndugu zao wanaoshuka kwenye Eurostar. Watu wanadhani Ubelgiji ni nchi ya baridi tu. Julai 2019 joto la hapa lilipita nyuzi 40. Sisi tuliokulia Tanga tulikuwa tunatafuta kivuli kama wengine.

Hapo ndipo nilipokutana na mwanafunzi mmoja Mtanzania, mchana wa Julai iliyopita, nikitoka zamu kuelekea metro. Nilimsikia kabla sijamwona. "Jamani, maji! Nani ana maji?" Kiswahili katikati ya Brussels kinakusimamisha hata kama miguu inauma. Shangazi yake alikuwa amewasili kutoka London, ameketi juu ya sanduku lake pembeni, na kijana ameshika kitambaa mkononi, yuko tayari kufungua mfuniko wa rejeta huku mvuke unatoka.

"Mdogo wangu, acha mfuniko huo," nilimwambia.

"Dada, nataka kuongeza maji tu."

"Utaongeza baadaye. Zima injini, njoo huku."

Naomba niseme sababu kama muuguzi, halafu turudi kwenye umeme. Maji ya rejeta yako chini ya presha. Presha hiyo ndiyo inayoyazuia yasichemke hata yanapopita nyuzi 100. Ukifungua mfuniko, presha inaondoka ghafla, na maji yaliyokuwa yametulia yanalipuka kuwa mvuke mara moja, yanakuja usoni, shingoni na kifuani. Kitambaa hakisaidii, kinaloa na kukushikilia moto mwilini. Anayeungua hivyo anahitaji maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi kiasi, si barafu, kwa dakika 20, na simu ya 112. Dawa ya meno, asali na ute wa yai viacheni jikoni. Wodini tunapoteza muda mrefu kuvisafisha kabla hata ya kuona kidonda kikoje.

Tulikaa karibu saa nzima. Shangazi alitoa karanga alizozificha kwenye mkoba, tukala. Gari lilipopoa ndipo tukaangalia. Lilikuwa Toyota ya petroli ya mwaka 2001, alilonunua kwa mwanafunzi mwenzake aliyemaliza masomo. Chini ya usukani kulikuwa na swichi ndogo iliyobandikwa kwa gundi, ya aina ya taa ya kitandani. Kutoka kwenye swichi, waya mwembamba ulipita kwenye tundu la chuma bila raba yoyote, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye feni. Hakuna fyuzi. Hakuna rilei. Maungio yalikuwa ya kusokota kwa vidole na kuzungushia solotepu, na solotepu ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami. Ganda la waya lilikuwa limebadilika rangi, kutoka jekundu hadi kahawia, kwa urefu wa mkono mzima.

Alichokiogopa yeye ni gari kuchemsha. Mimi niliogopa ule waya.

Nyumbani tunaita hiyo "dairekti". Marehemu baba yangu alikuwa fundi umeme wa magari Tanga, na kabla sijaingia chuo cha uuguzi mimi ndiye niliyekuwa namshikia taa ya kupimia. Najua dairekti inatoka wapi. Swichi ya joto kwenye rejeta imekufa, spea haipo au ni ghali, mteja ni dereva wa teksi na anataka kurudi barabarani leo. Fundi anaunga feni moja kwa moja kwenye waya wa ufunguo, ikizunguka muda wote, au anaweka swichi kwenye dashibodi. Gari linapoa, mteja anafurahi, kila mtu anakula siku hiyo. Sitaki kumcheka fundi huyo. Lakini dairekti ni bandeji, na watu wanatembea nayo miaka kumi.

Shida yake iko kwenye hesabu ambayo baba aliipiga kwa kiganja cha mkono na mimi baadaye niliipiga kwa kalamu. Feni ya rejeta ya gari dogo inakula umeme mwingi: ampea 10 kwa ndogo, 20 au zaidi kwa kubwa, na ile sekunde ya kuanza kuzunguka inavuta mara mbili au tatu ya hapo. Chukua ampea 20 zipite kwenye waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba wenye urefu wa mita 3. Waya huo unapoteza karibu volti 1 njiani, na wati 20 hivi zinageuka kuwa joto ndani yake, nyuma ya dashibodi, karibu na kapeti. Weka waya wa milimita 4 za mraba, joto hilo linashuka hadi wati 5 tu, tena limetawanyika.

Maungio ndiyo mabaya zaidi. Ungio bovu lenye ukinzani wa ohm 0.1, kitu ambacho huwezi kukiona kwa macho, likipitisha ampea 20 linatoa wati 40. Hiyo ni nguvu ya kile chuma anachotumia fundi redio kuyeyushia risasi. Sasa fikiria umekiwasha ndani ya gari, umekizungushia solotepu, halafu ukaenda kumchukua mtoto shule.

Na ile swichi ya taa ya kitandani haikuundwa kwa mzigo huo. Vidole vyake vya ndani vinaungua kidogo kidogo. Siku moja vinagandana feni isizimike, au vinaachana isiwake, kama siku ile ya Gare du Midi. Juu ya hayo, swichi ya mkono inategemea dereva akumbuke, na dereva aliyemwona shangazi yake baada ya miaka minne hakumbuki feni.

Kijana akaniuliza swali zuri: "Sasa dada, si ninunue swichi kubwa tu na waya mnene?" Ingepunguza hatari, lakini bado ungekuwa unauleta mzigo wote wa feni ndani, miguuni mwako, kisha unaurudisha mbele. Ndiyo maana kuna rilei. Wodini kwetu daktari anaandika kwa kalamu kwamba mgonjwa apewe oksijeni, habebi mtungi. Rilei ni hivyo hivyo. Umeme mdogo sana, kama ampea 0.15, unatoa amri. Umeme mkubwa unapita njia yake fupi kutoka betri hadi feni, bila kuingia ndani ya gari kabisa.

Jumamosi iliyofuata tulimpeleka kwa fundi ninayemwamini. Kutoka Gare du Midi ni kituo kimoja cha metro, namba 2 au 6, hadi Clemenceau, kisha unatembea kidogo hadi mitaa ya Heyvaert, kati ya machinjio ya Anderlecht na mfereji wa Charleroi. Machinjio hayo yalifunguliwa mwaka 1890, na mabanda mengi ya hapo yalikuwa ya wafanyabiashara wa nyama. Kuanzia miaka ya 1980 mabanda yakageuka yadi za magari ya mtumba yanayopitia bandari ya Antwerp kwenda Afrika, mengi yakienda Afrika Magharibi. Tanzania na Kenya hayaji kwa wingi, sisi usukani wetu uko kulia, na Kenya haipokei gari lililopita miaka 8. Lakini mafundi wa hapo wanatoka kila upande, na huyu ni Mkongo wa Bukavu, mtu mzima, ambaye Kiswahili chake na changu vinakutana katikati bila shida.

Kabla ya kushika kitu alivua saa, akatoa waya hasi wa betri. Hilo la kwanza, na si la mafundi peke yao. Feni ya umeme kwenye magari mengine inaweza kuanza kuzunguka hata ufunguo umetoka, na vidole haviungwi kwa rilei.

Kisha akang'oa dairekti yote. Hakuacha hata kipande. Mpango wake mpya ulikuwa hivi. Kutoka chanya ya betri, waya wa milimita 4 za mraba unaingia kwanza kwenye kishikio cha fyuzi, umbali usiozidi shibiri moja kutoka kwenye betri. Hapo nilimwuliza kwa ajili yenu kwa nini karibu hivyo. Akajibu: "Dada, fizibile haiko ya kuchunga vantilateri. Iko ya kuchunga waya." Kipande chochote cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kikikwaruzwa na chuma kikapiga shoti, betri itamwaga kila ilichonacho pale, na waya utawaka kabla hujaona moshi. Kwa hiyo kipande hicho kiwe kifupi.

Ukubwa wa fyuzi nao unafuata maneno hayo. Uwe juu kidogo ya kile feni inachokula, ili isikatike kila feni inapoanza, lakini chini ya kile waya unachoweza kubeba. Feni ya ampea 20, waya wa milimita 4, fyuzi ya ampea 30: alichagua hivyo. Fyuzi ikikatika mara ya pili, tafuta sababu. Kuweka ya ampea 50, au kuifunga kwa karatasi ya sigara kama tulivyozoea kuona, ni kumfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele.

Kutoka kwenye fyuzi waya unaingia kwenye rilei ya ampea 40, mguu ulioandikwa 30. Mguu wa 87 unakwenda kwenye feni. Rilei nyingine zina mguu wa 87a pia. Huo haukuhusu, ukiutumia kwa makosa feni itazunguka wakati haitakiwi na kusimama wakati inatakiwa. Miguu ya 85 na 86 ndiyo ya amri. Mmoja alimpa umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa, kupitia fyuzi ndogo ya ampea 5. Wa pili ukaenda kwenye swichi ya joto mpya iliyofungwa kwenye rejeta, na swichi hiyo ikikamilisha njia kwenda hasi, rilei inabana, feni inawaka. Swichi aliyonunua inawasha kwenye nyuzi 95 na kuzima kwenye nyuzi 90. Namba hizo zinatofautiana gari kwa gari, na ni vizuri ununue ya gari lako, kwa sababu lazima iwake juu ya joto ambalo thamostati inafunguka. Ikiwaka chini ya hapo, feni haitapumzika kamwe.

Nimeitaja thamostati, basi niseme. Nyumbani fundi akiona gari linachemsha, mara nyingi anaitoa thamostati na kuitupa. Hapa Ulaya ukifanya hivyo, Januari utaendesha gari ambalo halipati joto, hita inapuliza upepo wa friji, na injini inakula mafuta mengi. Hata kwa Dar hailipi. Iache mahali pake.

Turudi kwenye feni. Waya hasi, ule unaorudi kwenye bodi, watu wanaudharau. Alitumia unene uleule wa milimita 4, akakwangua rangi kwenye bodi hadi chuma king'ae, akafunga kwa bolti, akapaka grisi juu. Umeme unaokwenda lazima urudi, na ampea 20 zinazorudi ni zilezile 20 zilizokwenda. Maungio yote aliyabana kwa koleo maalumu na vichwa vya waya vya kubana, kisha akavalisha mpira unaonywea kwa joto. Kila tundu la chuma waya unapopita aliweka raba. Waya aliufunga kila baada ya shibiri mbili, mbali na eksozi na mbali na mkanda. Rilei aliiweka miguu ikitazama chini ili maji ya mvua yasikae ndani.

Kipimo cha mwisho nilikipenda. Aliwasha feni akashika karatasi mbele ya rejeta. Karatasi ikavutwa ikaganda kwenye rejeta. Feni iliyoko nyuma ya rejeta inatakiwa kuvuta upepo kuelekea injini. Ukibadilisha chanya na hasi kwa bahati mbaya, inasukuma kinyume na kupigana na upepo wa mwendo. Karatasi itaanguka. Halafu akaliacha gari sailensa. Mshale wa joto ukapanda, ukafika karibu na katikati, tukasikia feni ikianza yenyewe, ikazunguka dakika mbili hivi, ikazima. Ikaja tena. Baada ya robo saa alishika kila ungio kwa mkono. Vuguvugu inakubalika, ukishindwa kushika, rudi ulibane upya.

Vifaa vyote, ukiacha swichi ya joto, havikufika euro 40. Ukienda dukani mwenyewe, fyuzi kwa Kifaransa ni fusible, kwa Kiholanzi zekering. Rilei ni relais kwa lugha zote mbili, tofauti ni matamshi. Sema pia ampea, na kwamba unataka rilei ya volti 12 pamoja na kiti chake, maana bila kiti utajikuta unachomeka waya mmoja mmoja na mmoja utachomoka.

Gari la zamani zaidi lina jambo moja la ziada. Kama lilizaliwa na feni ya mkanda na wewe unataka kulipa ya umeme, tazama kwanza altaneta. Altaneta za zamani nyingi ni ndogo, na zikiwa sailensa hazitoi umeme wake wote. Weka feni ya ampea 20, taa, hita na waipa za usiku wa Novemba, betri itaanza kulipa deni. Kama feni ya mkanda ni nzima, mimi ningeiacha.

Watoto wakiwemo ndani na ukasikia harufu ya plastiki inayoungua, usiendelee hadi nyumbani hata kama ni mita mia tano. Simama pembeni, zima injini, toa watu wote, nenda nao mbali na magari mengine, piga 112. Boneti usiifungue wazi. Hewa ikiingia moto unapata chakula. Ni vizuri gari liwe na kizimamoto. Jueni kiko wapi na mwenye gari ahakikishe kinafikika, si chini ya masanduku matatu ya shangazi. Kwa gari linalochemsha tu bila harufu wala moshi, na huwezi kusimama papo hapo, fungua hita ya ndani hadi mwisho na madirisha yote. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Mtatoka jasho, lakini itawasogeza hadi mahali salama.

Wengi wenu mtanunua gari la kwanza kwa mwanafunzi anayeondoka, mwezi wa Juni au Julai, kwa bei ya kuonea huruma. Kabla ya kutoa pesa, mwombe aliache sailensa dakika ishirini huku mnaongea. Msikilize feni ikijiwasha. Kisha piga magoti, tazama chini ya usukani. Ukiona swichi ambayo haifanani na zenzake, fuata waya wake kwa macho hadi mwisho, na uulize ni ya nini. Akijibu "hiyo ni dairekti tu, haina shida", punguza bei ya fundi kwenye pesa yako, na usilipeleke nyumbani siku hiyo kwa barabara ya foleni.

Shangazi alirudi London kwa basi, hakutaka kusikia habari ya gari. Maswali yenu yanafika, nayasoma nikiwa kwenye metro. Mkituma picha, tumeni ya boksi la fyuzi na ya rilei, taa ikiwa imewashwa. Picha ya gari zima limepaki kando ya ziwa ni nzuri lakini hainisaidii.